Nyuma ya Kioo: Wazazi na Pumzi ya Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake



Katika mashirika yetu mengi kuna nyumba moja inayozungumziwa kwa sauti ya chini. Ni nyumba ya wenzetu, baba na mama walio vijana bado, ambao mtoto wao alizaliwa akiwa na miezi saba. Alibatizwa usiku uleule, kwa haraka, na muuguzi aliyekuwa zamu. Akakaa majuma mengi hospitalini, akaongezeka gramu kwa gramu, hatimaye akaletwa nyumbani na watu wakapiga vigelegele. Lakini mvua za kwanza ziliponyesha alirudi hospitalini, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto. Akatoka. Akarudi tena. Mara ya tatu majirani wakaanza kusema. Wengine wanasema mama hajui kulea; wengine wanasema kuna mkono wa mtu; na wako hata wanaomtazama mtoto mwenyewe kwa jicho baya, kana kwamba ndiye aliyeingiza umaskini nyumbani kwa gharama za dawa.

Tumeona vema kulijibu jambo hili kwa njia ya historia. Kwa nini mtoto huyu anaugua kifua mara kwa mara, na nani wa kulaumiwa? Majirani hujibu kwa dakika moja. Wenye elimu walilitafuta jibu kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika kulitafuta waliangukia makosa mazito. Kosa mojawapo, ambalo ndilo hasa linalotusukuma kuandika, lilikuwa kumwondoa mzazi kando ya mtoto wake.

Tuanzie Paris. Katika mwaka 1878 daktari wa uzazi aitwaye Stéphane Tarnier alitembelea bustani ya wanyama ya mji huo, akaona mashine zilizotumika kuangulia mayai ya kuku. Akamwomba Odile Martin, aliyekuwa akizishughulikia mashine hizo, amtengenezee moja ya kuwekea watoto wachanga. Karibu mwaka 1880 sanduku hilo liliwekwa katika hospitali ya uzazi ya Paris. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, lililopashwa joto kwa maji moto. Neno la Kifaransa ambalo sisi katika Kongo tunalitumia hadi leo, kuvezi, maana yake ya kwanza ni kuku anayeatamia. Matunda yake yalionekana upesi: kati ya watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2000 katika hospitali hiyo, vifo vilishuka kutoka asilimia 66 hadi asilimia 38. Joto tu ndilo lililofanya kazi hiyo. Hakukuwa na dawa yoyote.

Mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, aliona jambo ambalo mwalimu wake hakulitilia mkazo. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya watoto wachanga, aliandika kwamba kuna akina mama wanaozoea kuishi bila mtoto wao. Mama aliyekatazwa kumgusa mtoto kwa majuma mengi, asiyemnyonyesha wala kumbadilisha nepi, hufikia hatua ya kutomjali tena, na wengine humwacha hospitalini wasirudi. Budin alitaka mama awe karibu, anyonyeshe, amwone mtoto wake kila siku. Tena tangu mwaka 1892 alikuwa ameanzisha katika hospitali ya Charité siku maalumu ya kuwapokea watoto waliokwisha kurudi nyumbani, ili wapimwe na mama zao wapewe mashauri, kwa maana alikuwa ameelewa kwamba kutoka hospitalini si mwisho wa safari. Kila mama wa Kongo anayepanga foleni asubuhi na kadi ya kupimia uzito wa mtoto mkononi anafuata njia aliyoifungua mtu huyo.

Inasikitisha kwamba mashine ilisafiri dunia nzima upesi kuliko ushauri wa Budin. Martin Couney, ambaye alijitambulisha kama daktari ingawa hakuna aliyepata kuiona hati yake, alipeleka makuvezi kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 1896, na kuanzia mwaka 1903 akaweka watoto hai katika Coney Island, uwanja wa michezo na burudani kando ya bahari ya New York. Watu walilipa kiingilio kuwatazama watoto nyuma ya vioo, mahali palepale walipokuja kupanda bembea na kutazama vituko. Tungependa kumhukumu mtu huyu, lakini hukumu si rahisi. Hakuwatoza wazazi hata senti moja. Kiingilio cha watazamaji ndicho kilicholipa mishahara ya wauguzi. Hospitali nyingi za Marekani za wakati ule hazikuwa na nafasi kwa watoto hao wala hamu ya kuwapokea, na maelfu waliishi kwa sababu ya maonyesho yake. Alifunga milango mwaka 1943. Kilichobaki baada yake ni kile kioo.

Hospitali kubwa zilipofungua hatimaye vyumba vya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, kioo kiliwekwa kati yao na wazazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: hofu ya maambukizo. Katika zama ambazo kuharisha au homa moja ingeweza kuua chumba kizima cha watoto, walioruhusiwa kuingia walikuwa daktari na muuguzi tu. Mama alisimama upande wa pili, akaonyeshwa mtoto kwa mbali, akaenda nyumbani. Kwa miaka mingi mzazi alipokea mtoto wake siku ya kuruhusiwa kama mtu apokeaye mzigo uliotumwa kwa gari, bila kujua anavyonyonya wala anavyohema.

Nyuma ya kioo hicho kulifanyika kosa lingine, kubwa kuliko la kwanza. Watoto hawa walikuwa wakihema kwa shida, midomo ikigeuka buluu, na wauguzi walipowapa oksijeni rangi ilirudi. Basi wakapewa kwa wingi, kwa majuma, hata wale ambao hawakuihitaji sana. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston aliandika juu ya upofu usiojulikana uliowapata watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Ilichukua karibu miaka kumi mpaka Kate Campbell wa Melbourne, katika Australia, alipoonyesha mwaka 1951 kwamba oksijeni nyingi ndiyo iliyoharibu macho yao. Na muda mfupi baadaye utafiti mkubwa wa Marekani ukathibitisha. Watoto wapatao 10 000 duniani walikuwa wamekwisha kupofuka. Ninyi mnaopenda muziki mnamjua mmoja wao: Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Michigan majuma sita kabla ya wakati.

Hata hivyo, swali la pumzi lenyewe lilikuwa halijajibiwa. Kwa nini mtoto wa miezi saba, mwenye mapafu mawili kama mtu yeyote, hawezi kuyafungua? Mtajibiwa vizuri mkitazama povu la sabuni. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, na kila kifuko kina unyevu. Unyevu huo huvuta kuta za kifuko zishikamane, kama karatasi mbili zilizolowa maji. Kwa mtu aliyekomaa kuna mafuta membamba yanayotandaa juu ya unyevu huo na kuzuia kuta zisishikamane. Wataalamu huyaita surfaktanti. Mwili wa mtoto huanza kuyatengeneza kwa wingi katika majuma ya mwisho tu ya mimba. Aliyezaliwa kabla ya hapo hufungua mapafu yake upya kwa kila pumzi, kwa nguvu zote za pumzi ya kwanza, mpaka anachoka.

Aliyegundua hayo alikuwa daktari mwanamke, Mary Ellen Avery, akifanya kazi pamoja na Jere Mead katika mji wa Boston. Aliona kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huo hayakuwa na povu, na akauliza kwa nini. Jibu lake lilitolewa mwaka 1959.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 mwezi wa nane 1963, mke wa John Kennedy, Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, alijifungua kwa upasuaji majuma matano na nusu kabla ya wakati. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 2 na gramu 110 hivi. Akabatizwa palepale na padri wa kambi ya jeshi, akapewa jina la Patrick, na kwa kuwa alihema kwa shida akapelekwa Boston, katika mji uleule wa Avery. Sababu ya ugonjwa ilikuwa imejulikana, dawa haikuwapo. Madaktari wa nchi yenye mali kuliko zote walimwingiza katika chumba cha chuma chenye hewa ya kushindiliwa, na baba yake akangoja nje. Patrick akafa tarehe 9 alfajiri, akiwa ameishi saa 39. Kardinali Cushing alisoma Misa ya mazishi kesho yake. Mama hakuweza kuhudhuria, kwa maana alikuwa bado kitandani katika hospitali alikojifungulia.

Tumekaa juu ya kifo hiki kwa sababu kinafunga midomo ya wale wanaosema kwamba mtoto wa namna hii hufa kwa uzembe wa wazazi, au kwa umaskini wao, au kwa husuda ya jirani. Patrick hakukosa kitu ambacho fedha ingeweza kununua siku ile. Leo mtoto wa uzito wake na majuma yake hupona mara nyingi hata katika hospitali za kawaida, na hilo linatokana na kazi iliyofuata.

Kazi hiyo ilikwenda kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alionyesha kwamba ukimpa mtoto hewa yenye msukumo mdogo usiokoma, vifuko vya mapafu havijifungi kabisa. Katika watoto 20 wa kwanza, 16 waliishi. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie, katika mji wa Auckland huko Nyuzilandi, walionyesha kwamba sindano apewayo mama aliye hatarini kujifungua mapema hukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Liggins aliligundua jambo hilo kwanza kwa kondoo. Na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwatilia watoto kumi, ndani ya mapafu yao, surfaktanti iliyotayarishwa kutoka mapafu ya ng'ombe, wakaanza kuhema vizuri.

Hapa wengi wangemaliza hadithi. Mtoto amepona, wazazi wamefurahi. Lakini swali la nyumba ile ya shirika letu, ya mtoto anayerudi hospitalini kila mvua, linaanzia hapahapa.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, daktari William Northway na wenzake walitazama picha za vifua vya watoto waliokuwa wameokolewa kwa mashine za kupumulia. Waliona mapafu yenye makovu. Shinikizo la mashine na oksijeni nyingi, vitu vilevile vilivyowaokoa, vilikuwa vimeyajeruhi mapafu yaliyokuwa bado yakiumbika. Basi ulimwengu ukapata ugonjwa ambao zamani haukuwapo, kwa sababu zamani hakuna aliyeishi muda wa kutosha kuupata. Baadaye ikaonekana kwamba hata watoto ambao hawakuwekwa kwenye mashine wana udhaifu wao. Njia zao za hewa ni nyembamba mno, na makohozi kidogo tu huziziba. Vifuko vyao vya hewa ni vichache kuliko vya mtoto aliyetimiza miezi tisa. Tena kinga ambayo mama humpitishia mtoto kwa njia ya damu huvuka zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na aliyezaliwa mapema aliikosa sehemu kubwa ya urithi huo.

Kwa hiyo mafua yaliyompata dada yake mkubwa, yakamtoa kamasi siku tatu tu, humfikisha yeye kwenye nimonia. Anapopona, kifua kinabaki kimechoka, na mafua yanayofuata yanamkuta hivyo. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ni mapafu yaliyoanza kazi kabla ya siku zake, na ambayo, Mungu ashukuriwe, yanaendelea kukua baada ya kuzaliwa, hata vifuko vipya vikazidi kuongezeka katika miaka ya utoto. Ndiyo sababu wengi wa watoto hao hulazwa mara nyingi katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mara hizo hupungua.

Adui mkubwa wa vifua hivyo alipata kujulikana kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walikuta sokwe wao wa maabara wakiwa na mafua, wakatoa kwao virusi visivyojulikana. Mwaka uliofuata virusi hivyohivyo vilipatikana kwa watoto wagonjwa wa kifua. Leo vinaitwa kwa herufi RSV, na karibu kila mtoto duniani huvipata kabla hajatimiza miaka miwili, wengi bila madhara makubwa. Katika miaka ya 1966 na 1967 chanjo ya kwanza ilijaribiwa, ikaleta msiba: katika kundi moja, watoto 8 kati ya kila 10 waliokuwa wamechanjwa kisha wakapata virusi walilazwa hospitalini, na wawili wakafa. Ndipo kazi ya chanjo hiyo ikarudi nyuma miaka mingi. Mwaka 1998 ilipatikana sindano ya kinga ya kutolewa kila mwezi kwa watoto walio hatarini, lakini bei yake iliifanya iwe ya nchi tajiri. Na ni juzi tu, kuanzia mwaka 2022 na 2023, zilipoidhinishwa huko Ulaya na Marekani sindano ya mara moja kwa mtoto na chanjo ya mama mjamzito. Wazazi wa Kongo wanaosoma habari hizo wana haki ya kuuliza zitawafikia lini.

Turudi kwenye kioo. Katika Stanford ileile, wakati Northway akitazama picha zake, kikundi kingine cha madaktari kilijaribu jambo lililoonekana la hatari: kuwaruhusu mama waingie katika chumba cha watoto, wanawe mikono, na kuwagusa watoto wao ndani ya kuvezi. Matokeo yalitolewa mwaka 1970. Maambukizo hayakuongezeka. Hofu iliyokuwa imewaweka wazazi nje kwa miaka mingi haikuwa na msingi ambao watu waliudhania.

Lakini mlango ulifunguliwa kweli katika nchi yenye shida kama zetu. Katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kulikuwa na hospitali kubwa ya uzazi ya watu maskini, ambamo watoto wawili au watatu walilazwa katika kuvezi moja, wakiambukizana, na mama wengi hawakurudi kuwachukua. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, na baada yake mwenzake Héctor Martínez, waliamua kumrudishia mama kazi ya kuvezi. Mtoto alivuliwa nguo isipokuwa nepi na kofia, akawekwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa, mchana na usiku. Alinyonya hapohapo. Alipokuwa imara walirudi nyumbani pamoja, mtoto akiwa vilevile kifuani, nao wakaitwa hospitalini mara kwa mara kupimwa. Wakaiita njia ya kangaruu. Wakubwa wa tiba katika nchi tajiri waliicheka kwanza, wakisema ni dawa ya maskini.

Sisi wana wa Afrika hatukuhitaji kuelezwa kwamba mtoto hubebwa. Lakini tuseme ukweli: mabibi zetu walimbeba mgongoni, katika kitenge, na mtoto wa kabla ya siku alifunikwa kwa manguo mengi na kulazwa kando ya moto, ambako moshi ulimkuta. Kumweka kifuani, uchi, wima, kichwa kikiwa karibu na kidevu cha mama, lilikuwa jambo la kujifunza. Katika Manama, hospitali ya misioni iliyo kijijini huko Zimbabwe, Nils Bergman na Agneta Jürisoo walilianza mwaka 1988, bila kuvezi hata moja. Kati ya watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1500, waliokuwa wakiishi walikuwa 1 kati ya 10. Baada ya njia hiyo wakawa 5 kati ya 10.

Wala msidhani kwamba hilo lilitosha kuwashawishi wakubwa. Ilihitajika utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotolewa mwaka 2021. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajawa imara, walikufa asilimia 12. Wale waliotengwa kwanza na mama mpaka watulie walikufa asilimia 15,7. Mwaka 2022 Shirika hilo likatoa maagizo mapya: mama asitengwe na mtoto tangu saa ya kwanza. Tangu Budin kuandika, miaka 122 ilikuwa imepita. Na wale wa Bogotá walipotafutwa wakiwa vijana wa miaka ishirini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliolelewa kifuani hawakukosa shule sana kama wenzao, tena walikuwa watulivu zaidi.

Wala dawa za Boston na San Francisco hazikubaki kuwa za Boston na San Francisco. Ile hewa yenye msukumo ya Gregory hutolewa leo kwa chombo chepesi ambacho bomba lake la mwisho limezamishwa katika chupa ya maji, na mapovu yanayotoka ndiyo yanayolinda msukumo. Katika hospitali kuu ya Blantyre, Malawi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wachanga wenye shida ya kuhema waliopewa hewa hiyo, 71 katika kila 100 waliishi. Waliopewa oksijeni ya puani peke yake walikuwa 44.

Kuna historia moja fupi iliyobaki, na hiyo ni ya nyumbani hasa. Mzazi anayeishi mbali na hospitali atajuaje kwamba kikohozi cha leo si kama cha jana? Katika mji wa Goroka, milimani mwa Papua Guinea Mpya, daktari Frank Shann na wenzake walikuwa na wagonjwa wengi na mashine chache za picha. Wakatafuta dalili ambazo mtu yeyote angeweza kuziona kwa macho, na mwaka 1984 wakatoa jibu: hesabu pumzi, kisha utazame kama kifua kinabonyea chini ya mbavu mtoto anapovuta hewa. Kutokana na kazi kama hiyo Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni inayotumika vijijini kote. Mtoto akiwa ametulia, mhesabu dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili asifikie pumzi 60. Wa miezi miwili hadi mwaka mmoja asifikie 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano asifikie 40. Akifikia hizo, apelekwe kituoni. Na kama kifua kinabonyea, au pua zinatanuka, au anaguna kwa kila pumzi, au amekataa kunyonya, au midomo imegeuka rangi, pasingojwe hata kuche. Mtoto wa kabla ya siku aweza pia kusahau kuhema kwa nukta kadhaa. Huyo naye ni wa kukimbizwa.

Hiyo ndiyo kazi ambayo wenzetu wa nyumba ile wanaifanya usiku wakati sisi tumelala. Mmoja anashika saa ya simu, mwingine ameinua shati la mtoto, nao wanahesabu, wanakosea, wanaanza upya. Baba amejifunza kumbeba kifuani ili mama apate kulala saa mbili. Mbabula imetolewa nje hata mvua inaponyesha, na shemeji avutaye sigara ameambiwa asiingie, akakasirika. Chanjo hazikucheleweshwa kwa kusema mtoto bado mdogo, maana siku zake huhesabiwa tangu alipozaliwa, kama za mtoto mwingine yeyote.

Tena wamejiwekea kioo chao wenyewe. Siku walipomleta mtoto kanisani ili kukamilisha ibada ya ubatizo ule wa haraka, walikaa karibu na mlango penye hewa, na mama akakataa mtoto asipokewe mkono kwa mkono wala kubusiwa, hata na nyanya wa shirika mwenye kikohozi kidogo tu. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba amejaa kiburi. Hawakujua kwamba juma lile mtoto alikuwa na siku 40 bila kulazwa, na kwamba mama yake alikuwa amezihesabu moja moja.